Bonde Lililoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mashine nyingine hazijaanza kunguruma, Mwatumu Humadi ameshakaa kitako kwenye karakana ya ghorofa ya pili, Jeppestown, Johannesburg, mguu ukiwa kwenye kanyagio. Mbele yake limelala rundo la sketi za shule za kijivu. Anakunja rinda, analibana kwa vidole viwili, analisukuma chini ya sindano, kisha anakunja jingine. Hayatazami. Macho yake yako dirishani, ambako jua la Septemba linagonga vilima vya manjano vya taka za migodi.

“Sketi moja ina marinda ishirini na manne,” anasema. “Na kisiwa chetu kiko hivi hivi.”

Anaichukua sketi moja iliyokwisha, anaingiza ngumi kiunoni mwake na kuiacha nguo ianguke juu ya mkono. Ngumi ni mlima. Marinda yanashuka pande zote hadi kwenye pindo, na pindo ndilo bahari. Kati ya rinda na rinda kuna bonde, na kila bonde lina mto wake, au lilikuwa nao.

Anatia kidole cha shahada ndani ya rinda moja, kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto jicho.

“Mimi nimezaliwa hapa.”

Kwenye meza ya pili, Clémentine, mkataji wa vitambaa kutoka Bukavu, anacheka bila kuinua mkasi. “Mama Najma, kila mgeni anaingia humu weye unamuonyesha ile jupe. Siku moja boss atakata hiyo kisiwa yako kwa mshahara.”

“Akate,” Mwatumu anamjibu. “Mradi aniachie rinda langu.”

Mwatumu ana miaka arobaini na mmoja. Analipwa kwa idadi, rand kumi na nne kwa kila sketi, na msimu wa sare za shule, kuanzia Septemba hadi Januari, huweza kushona ishirini kwa siku mgongo ukimruhusu. Anaishi Bertrams, chumba kimoja na jiko, pamoja na mumewe Ameir, fundi wa majokofu kutoka Unguja, na binti yao wa pekee, Najma, mwenye miaka kumi na mitatu.

Kwao ni Nzwani, mojawapo ya visiwa vya Komoro. Ni kisiwa kilichotoka baharini kwa moto, moto ambao ulizimika zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuwepo wa kuuogopa. Mvua ikafanya kazi iliyobaki. Ilichimba, ikachimba, hadi ule mlima mmoja ukawa mabonde chungu nzima, yenye kuta ndefu kiasi kwamba watu wa bonde hili huweza kusikia harusi ya bonde lile wasiione.

Bonde lake linaitwa Mromwiri. Mro, kwa lugha ya kwao, ni mto. Asubuhi, jua huchelewa kuingia humo. Saa mbili bado kuna kivuli, na wanawake huchuma maua ya mlangilangi yangali na umande, kwa sababu yakipigwa na jua harufu inapungua. Mwatumu alikuwa akichuma na mama yake, kikapu kimefungwa kiunoni, matawi yameinamishwa hadi kifuani. Kisha maua hupelekwa mtamboni, yakakenekwa mafuta kwenye sufuria kubwa ya shaba, kuni zikiwaka chini yake.

“Harufu ile ilikuwa inaingia kwenye uji,” anasema. “Kwenye mto wa kulalia. Tulikuwa tukienda shule mjini, watoto wa huko wanatuambia, nyie wa Mromwiri mnanukia kama mabibi harusi. Tulikuwa tunaona aibu. Sasa hivi, pasi ya hapa ikipita juu ya kitambaa chenye maji, mvuke ukinijia usoni, basi nangoja. Sijui nangoja nini. Unanuka sufu tu.”

Anakata uzi kwa meno. Clémentine safari hii hacheki.

Katika ukoo wa Mwatumu shamba halipiti kwa wanaume. Mama humwachia binti, binti naye humwachia bintiye, na hakuna karatasi. Hati yao ni kutembea. Msichana, kabla hajatimiza miaka kumi na minne, huupita mpaka wote wa shamba mbele ya watu wa ukoo, vituo saba, akitaja kila kituo kwa jina na kuinua mkono upande wa ardhi yao. Akikosea, hakuna wa kumsahihisha. Alilolisema mbele ya watu ndilo litakalokuwa.

Mwatumu alipita mwaka 1988, akiwa na miaka kumi na mmoja. Miaka mitatu baadaye alipelekwa Unguja kwa shangazi yake, mtaa wa Malindi, na huko ndiko alikojifunza cherehani na Kiswahili hiki anachokizungumza. Aliolewa huko, na mwaka 2004 wakahamia Johannesburg. Tangu aondoke bondeni amerudi mara mbili tu.

Mama yake, Bi Tumu, yuko bado Mromwiri, miaka sabini na sita, goti limekataa milima. Alizaa wavulana wanne na msichana mmoja. Wajukuu wa kike, anaye mmoja. Najma asipopita, shamba litahamia kwa nyumba nyingine ya ukoo, watu wa ng'ambo ya mto. Na Najma anatimiza miaka kumi na minne Februari.

“Si ukubwa wa shamba,” Mwatumu anaeleza. “Shamba lenyewe ni jembamba kama kanga. Ila lina Jicho la Maji.”

Jicho la Maji ni chemchemi, kituo cha nne. Mito mingi ya kisiwa imekauka. Misitu ya juu ilikatwa, mawingu yakakosa pa kukaa. Mto wa Mromwiri wenyewe sasa ni mawe miezi saba ya mwaka. Lakini Jicho la Maji bado linatoka chini ya mwamba mweusi, baridi, kiasi cha mkono wa mtoto. Kila anayeishi bondeni huchota hapo, na Bi Tumu hajawahi kumkatalia mtu. Watu wa ng'ambo wameshaanza kuzungumza habari za kufuli na bomba.

Najma alizaliwa Johannesburg. Shuleni huongea Kiingereza, na barabarani Kizulu. Kiswahili anakielewa chote na kukijibu nusu. Bonde alilijua kama watoto wanavyoyajua mambo ya wazazi, yaani alikuwa amechoka nalo.

Kisha ikaja Aprili ya 2015. Maduka ya wageni yalivunjwa, karakana ikafungwa, na Mwatumu akakaa ndani siku tisa na binti yake, pazia limeshushwa, kabati limesukumwa mlangoni. Najma alikuwa na miaka kumi. Kila kelele ya nje ilimfanya aulize swali lile lile: kwetu ni wapi?

“Mtoto akikuuliza hivyo, huwezi kumwambia Bertrams,” anasema Mwatumu. “Nikachukua sketi yake ya shule, nikatia ngumi ndani.”

Siku zile tisa zikawa za bonde. Alimsimulia moto na mvua. Alimsimulia maharamia waliokuwa wakija kwa mitumbwi kutoka Bukini, yaani Madagaska, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakikamata watu wa pwani, na jinsi bibi wa kwanza wa ukoo wao alivyokimbia na mtoto mgongoni hadi kwenye msitu wa popo wakubwa, juu kabisa, akainjika chungu chake juu ya mawe matatu. Mawe hayo yapo hadi leo. Yanaitwa Mafiga, na ndicho kituo cha saba. Alimsimulia pia Wafaransa waliokuja baadaye, wakachukua sehemu tambarare za chini, wakapanda mlangilangi, wakajenga mtambo na barabara, wakawaachia wenyeji kuta za bonde.

Ilipofika Ramadhani ya mwaka huohuo, Mwatumu aliokota kipande cha kaki karakanani, urefu wa mkono mmoja, akakishonea bonde. Mto kwa uzi wa buluu. Mpaka kwa uzi mwekundu. Vituo saba kwa vifungo vya mashati, tangu Jiwe la Chumvi chini kwenye mdomo wa bahari hadi Mafiga juu. Kitambaa kikatundikwa ukutani juu ya kitanda cha Najma.

Miaka mitatu mtoto alilala chini yake. Kila Jumamosi alisimama katikati ya chumba na kupanda kwa maneno, kituo hadi kituo, mkono ukiinuka kushoto, ukiinuka kulia. Alianza kwa kununa. Mwaka wa pili akawa anasahihisha matamshi ya baba yake.

“Mimi walinifukuza darasani,” anasema Ameir, ambaye ameleta chai ya chupa kabla ya kwenda kazini kwake. “Niliruka kituo cha Mtambo. Akaniambia, Baba, hapo umeshawapa Wafaransa.”

Ndani ya bonde simu haishiki. Bi Tumu hulazimika kushuka hadi baraza la msikiti wa pwani, kwa fimbo na mapumziko matatu, na hufanya hivyo Ijumaa moja kwa mwezi. Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti mwaka huu, Mwatumu aliona wakati umefika. Alimpa Najma simu, akamwambia, “Mpandie Koko wako.” Koko ndiye bibi, kwa Kinzwani.

Najma akaanza. Jiwe la Chumvi. Mtambo. Ngazi za Karafuu. Akafika cha nne.

“Jicho la Maji, mkono wa kulia.”

Kule upande wa pili ukasikika upepo tu.

“Mwambie arudie,” Bi Tumu akasema.

Najma akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hakusikika. Mkono wake wa kulia uko hewani.

“Mwatumu,” mama yake akasema taratibu, “umewapa watu wa ng'ambo maji yangu.”

Mwatumu anakumbuka alivyokitungua kitambaa ukutani. Alikitazama, hakuona kosa. Akafumba macho, akajirudisha miaka thelathini nyuma, msichana wa miaka kumi na mmoja anayepanda na mama yake, kanga imelowa. Maji yalikuwa kushoto. Alikuwa ameyanywa kwa mkono wa kushoto, akakaripiwa. Inawezekanaje?

Ndipo akakigeuza.

Fundi nguo yeyote angelielewa. Kitambaa huchorwa kwa chaki upande wa ndani, ili alama zisibaki nje nguo ikivaliwa. Mwatumu amefanya hivyo kwa sketi maelfu. Siku ile ya Ramadhani, bila kufikiri, alichora bonde lake upande wa ndani, akalipitisha mashine, kisha akakigeuza kitambaa kama nguo nyingine yoyote, akatia vifungo upande mzuri, akakitundika. Kushoto kukawa kulia. Kulia kukawa kushoto. Bonde lilikuwa limekaa sawasawa upande ambao hakuna mtu anayeutazama, na vumbi la chaki lilikuwa bado lipo.

“Miaka thelathini nalikumbuka kwa kichwa,” anasema. “Lakini kitu ukishakishona kwa mkono wako, unakiamini kuliko kichwa. Kila nilipokuwa na shaka nilitazama ukutani.”

Clémentine aliposikia habari ile kesho yake, alijaribu kunyamaza, ikamshinda. “Fundi mzima, bonde umelivalisha ndani nje,” alimwambia, kisha akamkumbatia na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Najma aliuliza jambo moja tu: “Miaka mitatu, Mama?” Akageukia ukuta.

Walijaribu upya. Mwatumu alikitundika kitambaa upande wa ndani, akahamisha vifungo. Haikufaa. Kichwa cha mtoto kilikubali, mwili ukakataa. Anasema kushoto, mkono wa kulia unainuka wenyewe. Akijirekebisha cha nne, anapoteza cha tano. Baada ya wiki mbili akakaa kitandani na kusema, “Eish, Mama, sijui tena hata nilichokuwa najua. Wape tu hao watu wa kufuli.”

Mwatumu anaeleza kwamba usiku ule hakumlaumu. Alimsuka nywele, basi. Ila moyoni alianza kuliaga Jicho la Maji, kidogo kidogo, kama unavyomuaga mtu aliye bado hai.

Jumamosi iliyofuata, mama na binti walipanda Yeoville kununua samaki wakavu na kisamvu, kama kila wiki. Walirudi kwa miguu. Kutoka ukingo wa Yeoville barabara huteremka hadi Bertrams, kali hasa, nyumba zimekaa juu ya kuta za mawe, na chini kabisa uwanja wa mpira unang'aa kama sinia. Mwatumu alikuwa nyuma na mfuko wa samaki. Najma mbele, anaburuta viatu.

Kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, akasikia mtoto ananong'ona. Mafiga, mkono wa kushoto. Kwenye kona ya spaza, kiduka cha mtaani, ukainuka mkono mwingine. Cha sita. Akaendelea kuteremka, sauti inapanda. Cha tano. Kisha:

“Jicho la Maji, mkono wa kulia.”

Mwatumu akasimama. Anasema aligeuza bonde lote kichwani mwake, pale pale, jinsi fundi anavyogeuza mkono wa shati. Ukiwa na uso wako mlimani, maji yako kushoto. Ukiwa na uso wako baharini, maji yako kulia. Yalikuwa kulia. Na Ngazi za Karafuu, na Mtambo, vyote vilikuwa mahali pake.

“Mama,” Najma akasema bila kugeuka, “ukianzia juu, mikono yangu iko sawa. Jaribu.”

Mwatumu akatua mfuko chini. Alisimama ukingoni mwa barabara, mwanamke mtu mzima mwenye buibui, akanyoosha mkono wa kulia, halafu wa kushoto, halafu wa kulia tena. Katika jiji hili abiria husimamisha teksi kwa ishara za mkono, kila ishara na mwelekeo wake. Teksi ikafunga breki mbele yake. Dereva akachungulia.

“Mama, unakwenda wapi? Mjini au Soweto? Chagua kimoja.”

“Nakwenda baharini,” Mwatumu akamjibu, na dereva akaondoka akitikisa kichwa. Najma alicheka hadi akakaa chini kwenye ukingo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile Ijumaa.

Lakini Mwatumu alikuwa bado na hofu. Mtoto angeweza kuteremka, sawa. Je, watu wa ukoo wangekubali mpaka upitwe kinyume? Mjomba wake Burhani, kaka wa Bi Tumu na msemaji wa ukoo, si mtu wa kupindisha mambo. Na watu wa ng'ambo wangetafuta hata ukucha wa sababu.

Ijumaa ya Septemba, Bi Tumu alishuka tena barazani. Najma akamteremkia, kutoka Mafiga hadi Jiwe la Chumvi, hakukosa hata mkono mmoja. Akamaliza, akangoja.

Bi Tumu alikuwa analia, au ni upepo. Mwatumu hakuweza kujua. Kisha akaeleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia bintiye, kwa kuwa halikuwahi kuhitajika.

“Mama yangu alinipitisha kutoka juu,” alisema. “Sisi watu wa juu. Bibi yetu hakutoka baharini, alitoka Mafiga, akashuka kidogo kidogo kila hatari ilipopungua. Mwaka huu shamba hili, mwaka ule lile. Mpaka ulipitwa hivyo. Ni barabara ya kampuni iliyotuzoesha kuanzia chini, kwa sababu wazee walifika kwa gari, na gari lilikuwa linaishia mtamboni. Nilipokupitisha wewe nilianzia huko chini, upande wa gari.”

Miguu ya msichana wa Johannesburg, bila kujua, imeangukia kwenye nyayo za mwanamke aliyewakimbia maharamia.

Jibu la Mjomba Burhani lilikuja siku tatu baadaye kwa ujumbe wa sauti. Mwatumu anaucheza kwenye simu yake, juu ya rundo la sketi, na karakana nzima inasikiliza. Sauti ni kavu, ya mtu anayekohoa kati ya maneno. Anamkumbuka mama yake akimpitisha Bi Tumu kutoka juu. Najma aanzie huko, anasema, mradi asiruke hata jiwe moja.

“Huyo mzee ni mukali,” anasema Clémentine.

“Amelainika huyo,” anasema Mwatumu. “Hujamsikia akiwa mkali.”

Tiketi mbili zimeshalipwa, akiba ya misimu miwili ya marinda. Ameir atabaki, majokofu ya watu huharibika zaidi Desemba. Siku hizi kuna barabara ya gari inayopita ukingo wa mlima kwa upande wa pili, kwa hiyo mama na binti watafikia kijiji cha juu, watalala huko, na asubuhi watatembea msituni hadi Mafiga, mjomba na watu wa ukoo wakiwa nyuma yao. Watangoja jua liingie bondeni, kisha Najma ataanza.

Kila Jumamosi sasa wanateremka kutoka Yeoville. Muuza matunda wa kona ya kituo cha tano ameshazoea. Mkono wa mtoto ukichelewa kuinuka, humwinulia wake.

Kilichokuwa kinamuuma Bi Tumu tangu mwanzo ni goti. Alimfundisha bintiye kwa kupanda naye, bega kwa bega, na alijua mjukuu wake atapanda bila yeye. Sasa mpango umegeuka. Atabebwa kwa kiti hadi Jiwe la Chumvi, hatua chache tu kutoka barazani, na kukaa hapo. Kuta za bonde hubeba sauti.

“Ameniambia atasikia kila kituo,” anasema Mwatumu. Saa moja imefika, mashine zote zimeanza kunguruma, na anainamisha kichwa ili asikike. “Kwanza kwa mbali, halafu karibu, halafu karibu zaidi. Mimi nilipopita, mama yangu alikuwa nyuma yangu, sikumwona uso. Najma atakuwa anamwendea.”

Anachukua sketi nyingine. Anakunja rinda, analibana kwa vidole viwili, na kabla ya kulisukuma chini ya sindano anakigeuza kitambaa mara moja kuhakikisha upande.